Herufi G na H katika Maneno ya Kiingereza



Mwezi huu twataka kusema habari za herufi mbili tu, nazo ni g na h zinapoandikwa pamoja katika maneno ya Kiingereza. Labda msomaji atauliza, Je, herufi mbili zatosha kujaza kurasa hizi? Zatosha, tena zingine zitabaki. Lakini kwanza yatupasa kukiri kosa letu, kwa kuwa bila kosa hilo tusingeshika kalamu.

Tuna darasa dogo la jioni barazani petu, kwa watoto wanaojitayarisha kuingia sekondari, ambako karibu masomo yote hugeuka kuwa Kiingereza. Siku moja tuliwafundisha neno "daughter", maana yake binti, tukawaambia, Msizitamke g wala h, semeni "dota". Wakasema wote "dota", tukaridhika. Kesho yake tukampa mtoto mmoja wa kike, umri wake miaka 12, asome hadithi kwa sauti. Akasoma vema hata akafika penye neno "laughter", maana yake kicheko. Akalitazama kidogo, kisha akasema "lota". Wenzake waliokuwa wanalijua neno wakaangua kicheko. Na sisi, mwalimu wao, tukacheka pamoja nao, tukasema, "Lafta, mwanangu, lafta!"

Jioni ya pili yake hakuja, wala ya tatu. Ya nne akaja mama yake, akasimama penye ngazi ya baraza asitake kuketi. Akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Mtoto wangu hakatai kusoma. Asema kitabu kilimdanganya, na Mwalimu akacheka."

Alipokwisha kwenda tukayaandika maneno yale mawili, moja chini ya jingine: daughter, laughter. Tazama, msomaji. Kila neno lina herufi nane, na herufi saba kati ya hizo ni zile zile, tena zimepangwa vile vile. Mtoto alifuata kanuni tuliyompa sisi wenyewe, akaifuata kwa akili. Basi tukaona haya, tukaanza kutafuta asili ya jambo hili, na tuliyoyapata ndiyo tunayowaletea.

Katika Kiswahili gh ina sauti moja tu. Lugha, ghali, ghafula, ghala, ghorofa, shughuli, magharibi: mtoto akiijua katika neno moja ameijua katika yote. Sauti hiyo ilitujia kwa maneno ya Kiarabu, na katika Kiarabu ina herufi yake peke yake. Watu wa pwani huitamka barabara, kooni, kama mtu anayesukutua. Sisi wa bara wengi wetu twasema "luga" na "gali", na wa pwani hutucheka. Kwa hiyo uchungu wa kuchekwa kwa ajili ya gh si mgeni kwetu, ila tuliusahau siku ile barazani.

Kiingereza cha leo hakina sauti hiyo. Basi herufi zile zafanya kazi gani? Katika "night", usiku, hazisemi neno. Katika "laugh", cheka, zasema f. Katika "ghost", mzuka, zasema g tupu. Mtu angeweza kudhani kwamba Waingereza walizitia kwa mchezo, ili kuwatesa wageni. Sivyo.

Zamani sana, kabla ya mwaka 1066, Waingereza walikuwa na sauti ya kooni, jamaa ya kh katika neno kheri kama wanavyolitamka watu waliosoma Kiarabu. Usiku waliuita "niht", na binti "dohtor", na ile h haikuwa pumzi nyepesi kama h ya hewa, bali ilikwaruza. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa wakaishinda Uingereza, na tangu hapo uandishi wa nchi ukaingia polepole mikononi mwa watu waliozoea desturi za Kifaransa. Hao hawakuiona h moja kuwa yatosha kwa sauti nzito namna ile. Wengine waliiandika kwa herufi ya kale iitwayo yogh, yenye umbo kama la tarakimu 3, nayo imekwisha kufa. Baada ya miaka mingi ya kuandika huku hivi na huku vile, gh ikashinda. Kwa hiyo wakati ule gh ilikuwa herufi ya kweli kwa sauti ya kweli, wala hapakuwa na udanganyifu wo wote.

Atakaye ushahidi na awasikilize Wajerumani, kwa maana Kijerumani na Kiingereza ni lugha za ukoo mmoja. Wajerumani husema "Nacht" kwa usiku, "Tochter" kwa binti, "Licht" kwa nuru, "acht" kwa nane, na "lachen" kwa kucheka, nao huitamka ch hata leo kwa kukwaruza, nyuma au mbele ya kinywa. Linganisheni na "night", "daughter", "light", "eight" na "laugh" za Kiingereza. Katika maneno haya yote, mahali Wajerumani walipo na ch, Waingereza wana gh! Wazee wa Tanganyika waliokuwapo siku za utawala wa Wajerumani, kabla haujaangushwa katika vita ya 1914 hata 1918, waliisikia sauti hiyo kwa masikio yao, na neno letu shule ni mabaki ya siku zile. Kadhalika huko Scotland ziwa huitwa "loch", na wenyeji huikwaruza ch yake sawasawa.

Lakini Waingereza wa kusini waliiacha sauti hiyo, kidogo kidogo, tangu miaka ya 1400 hata ya 1600. Iliondoka kwa njia mbili, na hapa ndipo penye siri ya kosa la yule mtoto. Katika maneno mengine ilififia tu ikatoweka, na irabu iliyoitangulia ikavutwa ikawa ndefu. Hivyo ndivyo ilivyokuwa "night", "light", "right" na "daughter". Katika mengine, ambayo irabu yake ilitamkwa kwa midomo iliyokunjwa kama tusemapo u, ile sauti ya koo ilipanda ikatokea midomoni, ikawa f. Msomaji na ajaribu mwenyewe: kunja midomo kama wa kusema u, kisha kwaruza koo kwa pumzi, utaona pumzi yageuka karibu na f. Ndivyo tulivyopata "laugh" ya kucheka, "cough" ya kukohoa, "rough" ya kitu kinachokwaruza mkono, "tough" ya kitu kigumu kama nyama ya ng'ombe mzee, na "enough", maana yake ya kutosha.

Wala mabadiliko hayo hayakwenda sawa nchi nzima. Watu wa wilaya moja walisema hivi, wa wilaya ya pili vile, na lugha ya London ikaokota huku na huku. Tulipojua kwamba hata neno "daughter" lenyewe lilitamkwa "dafta" katika sehemu fulani za Uingereza, tulicheka peke yetu, na safari hii tulijicheka wenyewe. Yule mtoto angezaliwa huko zamani, dota na lota zisingemsumbua.

Sasa mtu atauliza, Kama sauti ilikufa, kwa nini herufi hazikufa nayo? Sababu kubwa ni kupiga chapa. William Caxton alileta mtambo wa kwanza wa kupiga chapa Uingereza mwaka 1476, akauweka Westminster. Vitabu vikaanza kuenea, na macho ya watu yakazoea umbo la maneno, wakati ule ule ambao vinywa vyao vilikuwa vinabadilika. Baada ya hapo kinywa kilikwenda zake, na karatasi ikabaki nyuma.

Tukijilinganisha nao, sisi tumepata nafuu. Kiswahili kiliandikwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, na wale waliokitia katika herufi za Kirumi, kama Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, na Edward Steere wa Unguja aliyetoa kitabu chake cha kufundisha Kiswahili mwaka 1870, waliandika waliyoyasikia. Neno habari kwa asili lina kh, na katika vitabu vya kale utalikuta limeandikwa khabari. Lakini watu wengi waliitamka h tu. Basi maandishi yaliposawazishwa, kazi iliyoshikwa na halmashauri ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa nchi za Afrika ya Mashariki, h ndiyo iliyokaa. Waingereza wangefanya kama sisi, leo wangeandika "nite" na "dawter", na watoto wetu wangelala mapema.

Turudi kwa "ghost", kwa kuwa habari yake ni nyingine kabisa. Neno hili halikuwa na sauti ya kooni kamwe. Waingereza wa kale waliandika "gast", kisha "gost", bila h. Caxton alikuwa amekaa miaka mingi Bruges, katika nchi ya Waflemi, na Waflemi waliandika "gheest". Desturi hiyo ikapenya katika vitabu vyake, mzuka akapata h. Hata bata bukini, ambaye kwa Kiingereza ni "goose", alitiwa h katika baadhi ya maandishi ya siku zile, ila yeye aliipoteza. Mzuka hakuipoteza, labda kwa sababu jina lake lilisomwa mara nyingi katika vitabu vya sala, ambamo Roho Mtakatifu aliitwa "Holy Ghost". Pamoja naye zikaja "ghastly", maana yake cha kutisha, na "aghast", maana yake aliyeshikwa na hofu hata akaduwaa. Maneno mengine machache yaanzayo na gh ni wageni watupu: "ghee" ni samli, limetoka Bara Hindi, "ghoul", zimwi lilalo maiti, limetoka katika Kiarabu, na "ghetto", mtaa waliofungiwa Wayahudi, lilianza Venice mwaka 1516. Kwa mwalimu jambo hili ni jepesi: gh ikiwa mwanzo wa neno, mtoto aitamke g, basi, asihangaike.

Kuna na gh za uongo, nazo twazitaja kwa kuwa zatufurahisha. Neno "delight", maana yake furaha kubwa, lilitoka katika Kifaransa cha kale, na Waingereza waliliandika "delite" kwa karne kadhaa. Halina ujamaa na "light", nuru. Lakini katika miaka ya 1500 waandishi waliona kwamba latamkwa kama "light", wakalivika gh kama mtu avaaye nguo za jirani. Kwikwi nayo, ambayo ni "hiccup", iliandikwa na wengine "hiccough", kwa kudhani kwamba ni namna ya kikohozi. Hata ikiandikwa hivyo, yatamkwa "hikap". Hapa gh yasema p! Mtoto akikosea neno hilo, mwalimu na anyamaze.

Sasa tufike penye msitu mnene, yaani maneno yenye ough. Hapa hatuna kanuni ya kuwapa, na ye yote asemaye anayo msimwamini. "Though", ingawa, hutamkwa "dho", kwa dh ya dhahabu. "Through", kupenya toka upande huu hata ule, ni "thru". Ongeza herufi moja tu katikati upate "thorough", ambalo ni sifa ya kazi iliyofanywa bila kuacha pembe, nalo ni "thara". "Bough", tawi kubwa la mti, ni "bau". Lakini "dough", unga uliokandwa, ni "do". Na "trough", hori la kunyweshea wanyama, ni "trof". "Plough" ni plau, na neno hilo tumelipokea katika Kiswahili kwa sauti yake, tukaiacha gh bandarini. Wamarekani nao wamechoka na baadhi ya hizi. Noah Webster, aliyetoa kamusi yake kubwa mwaka 1828, alikuwa mpenzi wa maandishi mepesi, na hata leo Marekani huandika "plow" kwa plau na "draft" mahali ambapo Waingereza huandika "draught". Lakini usiku na nuru hawakuthubutu kuvigusa katika vitabu vyao.

Neno moja katika msitu huu lastahili kusimamiwa kidogo, nalo ni "slough". Likitamkwa "slau", ni kinamasi, matope yanayomnasa mtu. Wasomaji wa kitabu cha John Bunyan juu ya safari ya Mkristo, kilichotoka mwaka 1678, watakumbuka kwamba msafiri alitumbukia humo mapema sana. Likitamkwa "slaf", ni kujivua gamba kama nyoka. Herufi zile zile sita, hapana tofauti hata ya nukta. Hapo msomaji hana msaada wa jicho wala wa kanuni, hana budi kutazama maana ya habari nzima.

Je, gh ina faida yo yote? Twaona inayo, nayo ni faida ya macho. Sikio la mtu likisikia "rait" haliwezi kujua ni "right", sawa au kulia. Ni "write", andika. Ni "rite", kawaida ya ibada. Au ni "wright", fundi. Jicho lajua mara moja. Neno hilo "wright" limekwisha kuwa nadra likiwa peke yake, lakini laishi ndani ya mengine: "shipwright" ni fundi wa merikebu, "wheelwright" fundi wa magurudumu, na "playwright" ni mtunga michezo ya kuigiza, yaani fundi wa michezo. Wanafunzi wengi huliandika hili la mwisho kwa kosa, wakidhani latokana na kuandika. Vivyo hivyo "weight", uzito, na "wait", ngoja. "Eight", nane, na "ate", alikula. "Night", usiku, na "knight", askari wa farasi mwenye cheo, ambaye zamani hata k yake ilitamkwa.

Na iko faida nyingine kwa mwalimu. Gh hukusanya jamaa za vitenzi. "Bring" ni leta, na likiwa la wakati uliopita ni "brought". "Buy", nunua, huwa "bought". "Think", fikiri, huwa "thought". "Seek", tafuta, huwa "sought". "Fight", pigana, "fought". "Teach", fundisha, "taught". "Catch", kamata, "caught". Yote huishia kwa sauti moja, "ot", kwa o ndefu. Tumeona watoto wakiyashika haya kwa siku mbili tukiwaimbisha pamoja, lakini tukiyatoa moja moja, kila moja likija kama balaa jipya, huyasahau kwa mwezi mzima.

Ukiyatazama hayo yote pamoja na "night", "right", "eight" na "daughter", waona jambo moja: gh ikifuatwa na t, hunyamaza. Ni kanuni njema, na hiyo ndiyo aliyoifuata yule mtoto wetu. Yaivunja "laughter", na "draught" ambayo ni upepo upenyao mlangoni au mnywo mmoja wa maji, pamoja na watoto wa maneno hayo. Na "laughter" ina udhuru wake, kwa maana ni "laugh" iliyoongezwa mkia. Mama yake hutamkwa "laf", naye mtoto hakuiacha sauti ya mama. Haya tungemwambia siku ile kwa nafasi ya dakika moja, kama tusingekuwa tumeshughulika na kucheka.

Tulikwenda nyumbani kwao siku ya Jumamosi. Tulimkuta anachambua mchele, mama yake yuko jikoni. Tukamwambia mbele ya mama yake kwamba kitabu hakikumdanganya, ila sisi tulimpa nusu ya habari, na kwamba tulikosa kucheka. Hakujibu. Tukachukua kijiti, tukaandika mavumbini daughter na laughter, tukamweleza habari za sauti iliyokufa, za Wajerumani, na za ile f iliyopanda midomoni. Akaikunja midomo yake kujaribu, mama yake akachungulia kutoka jikoni kuona ni kelele gani.

Jumatatu alikuja barazani, akaketi nyuma. Hatukumwomba asome. Mwisho wa somo, wenzake walipokuwa wanafunga vitabu, akainua mkono.

"Mwalimu, kuna neno nimeliona katika kamusi. Ni laughter, limetanguliwa na s."

Tukaliandika ubaoni: slaughter. Tukawaeleza kwamba maana yake ni machinjo, ya wanyama au ya watu wengi kwa mara moja, na kwamba, ingawa jicho laona kicheko ndani yake, hayana ujamaa hata kidogo. Hilo ni jamaa ya "slay", kuua.

"Latamkwaje, Mwalimu?"

Tukasema, "Slota."

Akalitazama neno ubaoni kwa muda, kisha akawageukia wenzake.

"Basi mimi niliwahi tu," akasema. "Nilisahau s."